Chuma Kilichobaki Ardhini: Rungwe na Mabaki ya Silaha za Vita

Huko Masoko, kusini-mashariki mwa mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, lipo ziwa dogo la mviringo lililojaa ndani ya kreta ya volkano, linalojulikana pia kwa jina la Kisiba, na pembeni mwake limesimama jengo la mawe lililojengwa na Wajerumani kwa ajili ya kombania yao ya tano ya Schutztruppe, yaani jeshi la koloni lililokuwa na maofisa wa Kijerumani na askari wa Kiafrika. Kombania hiyo ilikuwa miongoni mwa vikosi vilivyovuka mto Songwe mnamo Septemba 1914 kwenda kuishambulia Karonga, katika koloni la Waingereza la Nyasaland ambalo leo ni Malawi, na vikashindwa huko tarehe 9 ya mwezi huohuo. Mwishoni mwa Mei 1916 mambo yaligeuka: majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Karonga na vituo vingine vya mpakani, na Wajerumani wakauacha mji wa Tukuyu, ambao wao waliuita Neu Langenburg, bila kuupigania sana, wakarudi nyuma kuelekea Njombe na Iringa. Tangu wakati huo husimuliwa Masoko kwamba kabla ya kuondoka walitumbukiza ziwani silaha, risasi na fedha zao ili zisiangukie mikononi mwa adui, na sarafu za zamani za Kijerumani ambazo watu husema huokotwa ufukweni hutajwa kuwa ushahidi wa masimulizi hayo.

Habari za sarafu huwavutia watu kuliko habari za risasi, jambo ambalo si la kushangaza, ingawa kwa mtaalamu wa milipuko uzito wote uko kwenye hizo za pili. Jeshi linalorudi nyuma haraka haliwezi kuchukua kila kitu, na kilichobaki ama hulipuliwa, ama hufukiwa, ama hutoswa majini; Wajerumani na Waingereza walifanya hivyo kwa wingi mkubwa zaidi kwao Ulaya, kiasi kwamba katika maji ya Ujerumani peke yake, upande wa bahari ya Baltiki na ule wa Bahari ya Kaskazini, hukadiriwa kuwa kuna tani milioni 1.6 hivi za silaha na risasi zilizotoswa. Huku Afrika Mashariki risasi na makombora vilisafiri vichwani mwa wapagazi, wale waliojulikana upande wa Nyasaland kwa jina la tengatenga, katika mizigo ya kilo 25 hivi, na kwa kuwa wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi au walitoroka kwa maelfu, mizigo mingine iliishia porini kando ya njia bila mtu wa kuiandika katika daftari lolote.

Mabaki ya namna hiyo ni tofauti na mabomu ya kutegwa ardhini, na tofauti hiyo inafaa kushikwa mapema kwa sababu kila kimoja hutafutwa kwa njia yake. Bomu la kutegwa ardhini huwekwa kwa makusudi limsubiri mtu, mnyama au gari, na yule anayelilipua ni mhanga mwenyewe kwa uzito wa mguu wake. Bomu dogo la kulenga watu huhitaji msukumo wa kilo chache tu, na aina ya PMN ya Kirusi, ambayo imeenea sana duniani, hubeba gramu 240 za baruti kali ya TNT, kiasi kinachotosha kukata mguu. Kombora ambalo halikulipuka, kwa upande wake, ni silaha iliyorushwa ikakataa kufanya kazi yake, na risasi zilizotelekezwa ni zile ambazo hazikurushwa kabisa. Hakuna habari kwamba Rungwe ilitegwa mabomu ya ardhini, na vita vya mwaka 1916 viliipita upesi. Kinachoweza kutarajiwa katika udongo wake na katika maziwa yake ni vile vya fungu la pili na la tatu.

Kati ya hivyo viwili, kombora lililorushwa bila kulipuka ndilo la kuogopwa zaidi. Kombora la mzinga lina ganda la chuma, shehena ya baruti kali ndani yake, na fyuzi, ambayo ni kifaa kidogo kilichofungwa kichwani au kitakoni ili kuamua ni wakati gani shehena ilipuke. Fyuzi huundwa kwa namna ambayo kombora likidondoka kutoka kichwani mwa mpagazi lisimdhuru mtu; vizuizi vyake hufunguka tu pale mzinga unapofyatuliwa, kwa kuwa mshindo wa kufyatuliwa na mzunguko wa kombora hewani huvisogeza pembeni, na kuanzia hapo pini inakuwa huru kuigonga fataki, yaani kikopo kidogo chenye kemikali inayolipuka kwa mguso mdogo, ambayo nayo huiamsha shehena kubwa. Ikiwa kombora limetua kwenye matope laini, au pini imekwama, au fataki ilikuwa imeingia unyevu, mlipuko hautokei, lakini vizuizi havirudi mahali pake. Kombora hubaki kama mtego wa panya uliokwisha kutegwa, likisubiri kugongwa na jembe au kusukumwa na plau miaka 50 au 100 baadaye.

Watu wengi huamini kwamba mvua na kutu hulimaliza bomu, na katika wilaya kama Rungwe, ambayo ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, imani hiyo ni rahisi kuishika. Kwa bahati mbaya kemia haikubaliani nayo. TNT haiyeyuki kirahisi katika maji na hukaa miongo mingi ikiwa na nguvu zake, hata ganda likiwa limeliwa na kutu. Asidi ya pikriki, ambayo majeshi ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza yaliijaza katika makombora mengi, ni mbaya zaidi, kwa sababu ikigusana na chuma au risasi iliyo metali hutengeneza chumvi ambazo hushtuka kwa urahisi kuliko asidi yenyewe. Kutu inaweza kweli kuiharibu fyuzi isifanye kazi, lakini inaweza pia kukila kile kizuizi cha mwisho kilichokuwa bado kinaishikilia pini, na kwa kutazama nje hakuna anayeweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili limetokea. Ndiyo maana wakulima wa Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, ambao kila msimu wa kulima bado huibua makombora ya miaka ya 1914 hadi 1918, huyaweka kando ya shamba au huyaacha palepale na kuwaita wanajeshi, badala ya kuyahukumu kwa umri wake.

Kifaa cha kwanza cha kutafutia mabaki haya ni kigunduzi cha metali, ambacho kazi yake inaeleweka bila hesabu ngumu. Mkondo wa umeme unaobadilika-badilika hupitishwa katika mzingo wa waya ulio chini ya mpini, ukazalisha uga wa sumaku unaopenya udongoni. Metali yoyote iliyomo huitikia kwa kuzalisha mikondo yake midogo, na uga wa mikondo hiyo hurudi juu ukasikika kama mlio katika vipokea sauti masikioni. Kifaa kingine, magnetomita, hakitumi kitu bali hupima tu jinsi uga wa sumaku wa dunia unavyopindishwa na kipande cha chuma kilichozama ardhini, na kwa hiyo hufika kina kikubwa zaidi na hutumika pia juu ya maji, ingawa hakisikii kabisa shaba wala aluminiamu.

Hapa ndipo udongo wa Rungwe unapoleta taabu yake. Milima ya Rungwe, Ngozi na Kyejo ni volkano, na ardhi nyeusi yenye rutuba inayowapa Wanyakyusa ndizi, chai, viazi mviringo na sasa maparachichi imetokana na majivu na mawe yake, ambayo yamebeba chembe za madini ya chuma yenye usumaku, hasa magnetaiti. Tope la chini ya ziwa Masoko lina usumaku wa kutosha kiasi kwamba watafiti wa hali ya hewa walioanza kulichunguza katika miaka ya 1990 waliweza kuusoma tabaka baada ya tabaka ili kujua vipindi vya mvua na ukame vya maelfu ya miaka iliyopita. Kile kilichowafaa wao humtesa mtafutaji wa mabomu, kwa sababu kigunduzi chake hulia juu ya udongo mtupu, na magnetomita huonyesha vilima na mabonde ya sumaku ambavyo havina uhusiano wowote na bunduki zilizozama. Vigunduzi vya kisasa vina njia ya kuuzoea udongo wa mahali na kuufuta katika hesabu, lakini kila unapofutwa usumaku wa udongo hupungua pia uwezo wa kusikia vitu vidogo, na mpimaji huchagua hasara moja ili kuikwepa nyingine. Ziwa lenyewe, ambalo halina mto unaotoka na kina chake hufika mita 36 hivi, lingehitaji mzamiaji mwenye mafunzo ya milipuko, anayefanya kazi gizani juu ya tope laini linalomeza kitu kizito chochote, kwa hiyo mtu anayefikiria kwenda kuvua sarafu huko kwa ndoano na kamba angekuwa na busara kuyafikiria pia yale mengine yanayosemwa kuwa yapo.

Hata katika udongo mtulivu, tatizo kubwa la kigunduzi ni kwamba husikia mno kuliko kusikia kidogo. Msumari, kifuniko cha soda, ganda la risasi, kipande cha debe, vyote hulia, na kila mlio lazima uchukuliwe kuwa bomu mpaka ithibitike vinginevyo: mtegua mabomu hupiga magoti akiwa amevaa ngao ya uso na vazi zito la kifuani, huichoma ardhi polepole kwa kijiti kirefu cha chuma kwa kukilaza pembeni ili kikigusa bomu kiguse ubavu wake na si kichwa, kisha hufukua kwa mkono. Nchini Kambodia, kati ya mwaka 1992 na 1998, vilifukuliwa vitu milioni 200 hivi, na vilivyokuwa mabomu au milipuko mingine havikufika hata asilimia 0.3. Takwimu hiyo inaeleza kazi hii kuliko maelezo yoyote ya ushujaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda, fedha na hatari huishia katika kuthibitisha kwamba mahali fulani hakuna kitu.

Katika jambo hilo Tanzania ina mchango wake, nao ulianzia Morogoro na kwa mnyama ambaye kwa kawaida hupigwa fimbo ghalani. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamishia kazi yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2000, na huko, kwa ushirikiano na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, panya buku walianza kufundishwa kunusa TNT. Panya hawa huona kwa shida lakini pua zao ni kali mno, na kwa kuwa mkubwa wao hufikia kilo moja na ushei, uzito wao hautoshi kulilipua bomu wanalolikanyaga. Faida yao kuu si wepesi tu: kwa kuwa wanachotafuta ni harufu ya baruti, misumari na vifuniko vya soda havina maana yoyote kwao, wala usumaku wa udongo.

Mafunzo huanza panya akiwa na wiki chache, pale anapozoeshwa kushikwa na watu, kusikia magari na kutembea juu ya nyasi zenye umande. Kisha hufundishwa kwamba mlio mdogo wa kifaa cha mkononi maana yake ni chakula, kwa kawaida ndizi au karanga zilizosagwa. Baadaye huwekewa vikopo vyenye matundu vinavyofanana na vichujio vya chai, kimoja kikiwa na TNT na vingine vitupu, ndani ya mchanga, na hupata ndizi yake akikwaruza palipo sahihi tu. Baada ya miezi tisa hivi, na kwa kupitia uwanja wa Morogoro uliofukiwa mabomu yaliyoondolewa uwezo wa kulipuka, hufanyiwa mtihani ambao akikosa bomu moja hafaulu. Kazini hufungwa mkanda na kupita kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, akienda na kurudi, alfajiri kabla jua halijawa kali, masikio yakiwa yamepakwa mafuta ya kuzuia miale. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi humchukua nusu saa, ilhali mtu mwenye kigunduzi anaweza kulihangaikia kwa siku nne. Panya akikwaruza, mahali hapo huwekwa alama, na binadamu ndiye anayefuata kufukua.

Panya wa Morogoro walipelekwa kwanza Msumbiji, ambako Wareno walikuwa wametega mabomu upande wa kaskazini ili kuwazuia wapiganaji wa FRELIMO waliovuka kutoka Tanzania, na ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe viliongeza mengine mengi. Nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini yanayojulikana mnamo Septemba 2015. Aliyepata sifa kubwa ni Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia, ambako kabla ya kustaafu mwaka 2021 aligundua mabomu ya ardhini 71 na milipuko mingine 38, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, ambayo hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Pua hizohizo hutumika Morogoro na Dar es Salaam kunusa makohozi ya watu wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu, kazi ambayo pengine ina manufaa makubwa zaidi kwa Watanzania kuliko ile ya mabomu.

Tanzania yenyewe ilitia saini mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini ya kulenga watu mnamo Desemba 1997, ikauridhia mwaka 2000, na kufikia mwaka 2004 ilikuwa imeteketeza akiba yake ya mabomu zaidi ya 22,000, ikibakiza kiasi kwa ajili ya mafunzo. Uganda, iliyokuwa na mabomu kaskazini na magharibi, ilitangaza kumaliza kazi mwaka 2012. Mkataba huo, hata hivyo, unahusu silaha zinazotegwa; haumzuii mtoto kuokota bomu la mkono lililoangushwa na mpiganaji aliyevuka mpaka.

Jambo la namna hiyo lilitokea tarehe 8 Novemba 2017 katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara mkoani Kagera, pale bomu la mkono ambalo mwanafunzi aliliokota akidhani ni chuma chakavu lilipolipuka shuleni, likaua watoto 5 na kujeruhi wengine zaidi ya 40. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi na imepokea mawimbi ya wakimbizi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo mabomu ya mkono si kitu cha ajabu huko. Lakini kilichoufanya mkono wa mtoto ulishike bomu hilo si vita bali ni bei ya chuma. Biashara ya vyuma chakavu imefika kila kijiji nchini, ukiwemo ule wa juu kabisa katika mteremko wa mlima Rungwe, na mnunuzi hupima kwa kilo bila kuuliza kitu kimetoka wapi. Rimu iliyotobolewa, jembe lililokatika na kombora la mwaka 1916 lililofunikwa na kutu huingia katika gunia moja. Zamani mhunzi wa Kikinga aliyewauzia Wanyakyusa majembe aliyeyusha chuma chake mwenyewe kutoka kwenye udongo; wa leo hupokea chuma kilichokwisha kutengenezwa na mwingine, hukiweka motoni na kukigonga kwa nyundo, na kwa kombora lililo hai hakuna mambo mawili mabaya zaidi ya hayo. Ukaguzi wa mizani za wanunuzi hao, kwa hiyo, ungeokoa maisha mengi zaidi wilayani kuliko kigunduzi chochote kinachoweza kununuliwa.

Wakazi wa Dar es Salaam waliijua hatari ya makombora yasiyolipuka kwa njia nyingine. Ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na jingine Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, makumi ya watu walikufa, na makombora yaliyorushwa na moto yalitua katika nyua, mashamba na paa za nyumba bila kulipuka. Kwa siku nyingi baadaye askari walipita mitaani wakiyakusanya, huku wananchi wakisihiwa wasiyaguse, na funzo hilo la kuona, kutogusa na kutoa taarifa likawa kubwa kuliko yote yaliyokuwa yakiandikwa katika vitabu vya kijeshi.

Huko Rungwe, mkulima wa viazi wa Kiwira anayekutana na kitu cha chuma chenye umbo la chupa nene, kilichochongoka upande mmoja na chenye mkanda wa shaba karibu na kitako, anapaswa kuliacha jembe lake palepale lilipo, kwa sababu kulichomoa kunaweza kukitikisa kitu hicho, na kurudi kwa kufuata nyayo zake mwenyewe. Asikimwagie maji wala asikichome, asikirushie mawe, wala asikipeleke kwa mtendaji wa kijiji ili kuthibitisha maneno yake, kosa ambalo hufanywa na watu waungwana kabisa kwa nia njema. Matawi yaliyowekwa mbali kidogo na mtu mmoja wa kuwazuia watoto yanatosha. Mtendaji, akishaarifiwa, humjulisha polisi, ambaye pia hupatikana kwa namba 112, na polisi huwaita wataalamu wa jeshi.

Wakifika, jambo wanalolipendelea ni kutolisogeza kombora kabisa. Majirani huondolewa, mifuko ya mchanga hupangwa kuzunguka ili vipande visiruke mbali, na kipande kidogo cha baruti mpya huwekwa ubavuni mwa kombora, si juu ya fyuzi, kisha waya huvutwa hadi mahali pa kujificha na baruti hiyo hulipuliwa kwa umeme ili shehena ya zamani ilipuke pamoja nayo. Kama kombora liko karibu mno na nyumba, shule au bomba la maji, na fyuzi ikionekana haikuwahi kufunguka, hubebwa katika sanduku lenye mchanga hadi mahali pa wazi. Baada ya mlipuko husubiriwa kwa muda, na mtu mmoja tu hurudi kulichunguza shimo kwa macho na kwa kigunduzi, kwa sababu hutokea ganda likapasuka bila baruti yote kuungua, na vipande vya TNT vilivyotawanyika miongoni mwa mashina ya migomba lazima viokotwe kimoja kimoja.